Asali moja, majibu matatu: kisa cha glaifoseti kwenye mapipa ya Sikonge

Ushirika mmoja wa wafugaji nyuki wilayani Sikonge, mkoani Tabora, una mapipa 20 ya asali ghalani, kila pipa kilo 300. Mezani kwa mwenyekiti kuna ripoti tatu za maabara, zote za asali hiyohiyo. Ya kwanza inasema viuatilifu zaidi ya 400 vimetafutwa na hakuna hata kimoja kilichogunduliwa. Ya pili, iliyotoka kwa mnunuzi wa Ujerumani, inasema kuna glaifoseti, dawa ya kuua magugu, miligramu 0.12 kwa kilo, na mzigo umekataliwa. Ya tatu ilitafutwa harakaharaka baada ya kukataliwa huko, nayo inasema 0.031. Kikomo cha Umoja wa Ulaya cha glaifoseti kwenye asali ni miligramu 0.05 kwa kilo. Ripoti mbili zinaipitisha asali, moja inaikataa, na wanachama wanataka kujua nani anadanganya.

Hakuna anayedanganya. Kisa hiki tumekitunga kwa ajili ya mafunzo, na namba zake zimechaguliwa ili hesabu zifuatike kwa kalamu na karatasi. Makosa yaliyomo, hata hivyo, si ya kutunga: ni yaleyale yanayojirudia popote maabara inapoanza kupima viuatilifu vinavyopenda maji kwa mbinu zilizozoea vile vinavyopenda mafuta.

Ripoti ya kwanza: kilichotafutwa ni kipi?

Tuimalize hii upesi. Maabara ilitumia QuEChERS, mbinu iliyochapishwa mwaka 2003 na Anastassiades, Lehotay na wenzao, ambayo leo ndiyo mkate wa kila siku wa maabara za mabaki ya viuatilifu. Unapima gramu 5 za asali, unaziyeyusha kwa mililita 10 za maji, unaongeza mililita 10 za asetonitraili, unatikisa, kisha unamimina gramu 4 za magnesiamu salfeti na gramu 1 ya chumvi ya kawaida. Chumvi hizo hulazimisha asetonitraili kujitenga na maji. Unachukua tabaka la juu, unalisafisha na kulipima. Tabaka la chini, la maji na sukari, linakwenda kwenye pipa la taka.

Glaifoseti ilikuwa kwenye tabaka la chini. Molekuli hii ndogo ina kundi la fosfoniki, kundi la kaboksili na kundi la amini, na ikiwa ndani ya maji hubeba chaji hasi na chanya kwa wakati mmoja. Ukiiwekea maji na oktanoli, kimiminika chenye tabia ya mafuta, ichague, kwa kila molekuli moja inayoingia kwenye oktanoli zaidi ya elfu moja hubaki majini. Haihamii kwenye asetonitraili hata utikise hadi jioni. Ndivyo ilivyo pia kwa glufosineti, etefoni, fosetili na AMPA, ambayo ni zao la kuoza kwa glaifoseti. Parakwati na daikwati nazo zina chaji chanya ya kudumu, na zinahitaji njia yao nyingine.

Kwa hiyo neno "haijagunduliwa" halikuwa uongo kwa vile viuatilifu 400. Ukifungua kiambatisho cha kurasa kadhaa mwishoni mwa ripoti na kutafuta jina la glaifoseti kwenye orodha, hulikuti. Wengi huishia ukurasa wa kwanza kwa sababu namba 400 inatosha kumtuliza mtu. Anayeagiza kipimo cha asali ya kuuza nje aandike kwenye fomu ya maombi majina ya viuatilifu anavyovitaka, glaifoseti ikitajwa peke yake, aombe kikomo cha kupimika, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho maabara inaweza kukipima kwa uhakika, cha 0.01, na aulize kama kipimo hicho kimo kwenye wigo wa ithibati ya ISO/IEC 17025 ya maabara hiyo. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya QuEChERS na isiwe nayo kwa glaifoseti.

Ripoti ya pili: 0.12 ilipatikanaje

Maabara ya mnunuzi ilitumia QuPPe, mbinu iliyotengenezwa na maabara ya rejea ya Ulaya iliyoko Stuttgart kwa ajili ya viuatilifu vya jamii hii. Wazo lake ni jepesi: kama molekuli haitoki kwenye maji, usijaribu kuitenganisha nayo. Tumia methanoli, inayochanganyika na maji kabisa, upime mchanganyiko wote.

Kwa asali kazi huenda hivi. Pima gramu 5 kwenye tyubu ya plastiki ya mililita 50. Asali yenyewe ina maji takriban asilimia 18, karibu mililita 0.9, kwa hiyo ongeza mililita 9 hivi za maji ili jumla ikaribie 10. Hapohapo, kabla ya kitu kingine chochote, weka mikrolita 100 za glaifoseti yenye isotopu nzito (molekuli ileile, ila nzito kidogo kiasi cha mashine kuitofautisha), ya mikrogramu 5 kwa mililita. Hiyo ni mikrogramu 0.5 ndani ya gramu 5, yaani sawa na miligramu 0.1 kwa kilo. Tikisa hadi asali iyeyuke yote, ongeza mililita 10 za methanoli yenye asilimia 1 ya asidi ya fomiki, tikisa tena, gandisha kwenye friza, zungusha kwenye sentrifyuji, kisha chuja. Sasa una mililita 20 zenye gramu 5 za asali, na asali ya 0.05 itakupa nanogramu 12.5 kwa kila mililita. Kwa mashine ya kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na spektrometa mbili za tungamo, hicho si kiasi kidogo.

Kuanzia kupima hadi kuhifadhi, usitumie kioo. Glaifoseti hung'ang'ania kuta za kioo, hasa ikiwa kidogo ndani ya maji matupu, na ndiyo maana hata chupa ndogo za kuingiza kwenye mashine huwa za polipropilini. Hung'ang'ania chuma pia. Kundi la fosfoniki hushika ioni za metali, na kolamu (bomba linalotenganisha molekuli) ya chuma cha pua au mirija yake hugeuza kilele kilichosimama vizuri kwenye mchoro wa mashine kuwa mkia mrefu uliolala. Kolamu ya kaboni ya Hypercarb, milimita 100 kwa 2.1, hufanya kazi nzuri kwa maji na methanoli vyenye asilimia 1 ya asidi ya asetiki kwa nyuzijoto 40, ila ikiwa mpya huzira. Sindano za mwanzo hutoa vilele vifupi au hazitoi kabisa, mpaka ilishwe dondoo za mboga mara kadhaa ili sehemu zake kali zizibwe. Mtaalamu asiyelijua hilo hulaumu kiwango chake rejea, yaani glaifoseti safi ya kiasi kinachojulikana, na kukimwaga.

Mashine hupiga glaifoseti kwa chaji hasi na kufuatilia ioni ya 168 ikivunjika kwenda 63, na tena kwenda 124 au 150. Ile yenye isotopu nzito, ya kaboni mbili na naitrojeni moja, huanzia 171. Ili tukubali kwamba tulichokiona ni glaifoseti, ioni zote mbili lazima zionekane, muda wa kutoka kwenye kolamu usipishane na wa kiwango rejea kwa zaidi ya dakika 0.1, na uwiano wa ioni hizo usitofautiane kwa zaidi ya asilimia 30. Hayo ni matakwa ya mwongozo wa SANTE unaotumiwa na maabara za Ulaya.

Sasa hesabu. Kilele cha sampuli kilikuwa mara 1.2 ya kilele cha isotopu. Isotopu iliwekwa kwa kiasi cha 0.1, kwa hiyo jibu ni 0.12. Kama nusu ya glaifoseti ilibaki kwenye kuta za tyubu, au sukari ilififisha ishara ndani ya mashine, nusu ya isotopu ilipotea vilevile na uwiano haukubadilika. Hapo ndipo ilipo thamani ya chupa ndogo ya isotopu, ambayo bei yake huzifanya maabara nyingi zijaribiwe kuiacha. Zipo pia zinazoiweka mwisho, kwenye dondoo iliyokwisha chujwa. Hiyo husahihisha makosa ya mashine tu. Kilichopotea kabla ya hapo hakirudi.

Kuhusu uamuzi, Ulaya huruhusu kosa la kipimo la asilimia 50. Kutoka 0.12 ondoa nusu yake, inabaki 0.06, ambayo bado inazidi 0.05. Ingekuwa 0.09, baada ya punguzo ingebaki 0.045, na mkaguzi asingekuwa na hoja ya kisheria, ingawa mnunuzi binafsi anaweza kukataa kwa masharti ya mkataba wake. Mnunuzi huyu alikuwa na hoja.

Ripoti ya tatu: hapa ndipo penye mafunzo

Namba ya 0.031 ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu ilitafutwa kwa mbinu inayoweza kweli kuiona glaifoseti. Maabara haikuwa na spektrometa ya tungamo. Ilikuwa na mashine ya kawaida ya kromatografia yenye kigunduzi cha mwanga, na glaifoseti haina sehemu inayong'aa. Inabidi ivishwe. Kemikali ya FMOC-Cl hujishikiza kwenye kundi la amini, na kiunganisho kinachopatikana hung'aa kikipigwa mwanga wa nanomita 260 hivi. Kwa maji mbinu hii imekomaa kiasi cha kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 21458. Maabara ilichukua utaratibu wa maji ikauhamishia kwenye asali bila kubadilisha kitu.

Tazama kilichotokea. Gramu 5 za asali ziliyeyushwa hadi mililita 10, ikachukuliwa mililita 1, yaani nusu gramu ya asali. Ikaongezwa bafa (kimiminika cha kushikilia pH) ya borati ya pH 9, kisha mililita 1 ya FMOC-Cl ya milimola 1 kwa lita. Hiyo ni mikromola 1 ya kemikali ya kuvisha.

FMOC haichagui. Huvisha amini yoyote inayokutana nayo, na asali imejaa asidi za amino, hasa prolini. Asali iliyoiva hutarajiwa kuwa na prolini isiyopungua miligramu 180 kwa kilo. Ndani ya nusu gramu hiyo ni miligramu 0.09, sawa na mikromola 0.78. Glaifoseti ya 0.12, kwa hesabu hiyohiyo, ni mikromola 0.00035. Kwa kila molekuli ya glaifoseti inayosubiri vazi, ziko molekuli za prolini zaidi ya 2,200 kwenye foleni, bado hujahesabu asidi nyingine za amino, wala FMOC inayoharibiwa na maji yenyewe. Vazi liliisha kabla foleni haijaisha.

Tatizo la pili halionekani hata ukisoma daftari la kazi, kwa sababu daftari linasema pH ya bafa ilipimwa ikawa 9. Ilipimwa ikiwa peke yake. Asali ina asidi, hilo kila mtu analijua. Lisilokumbukwa ni kwamba borati hujifunga na sukari, na fruktosi kuliko glukosi, na katika kujifunga huko huachia asidi. Fruktosi na glukosi ni zaidi ya asilimia 60 ya uzito wa asali ya maua. Nusu gramu ya asali inazo milimola 1.7 angalau, wakati mililita 1 ya boraksi ya asilimia 5 ina takriban milimola 0.5 za boroni. Sukari inaimeza bafa yote. Chovya kipimio cha pH baada ya kuchanganya, utaikuta pH imeporomoka, na amini iliyobeba protoni haivishwi na FMOC.

Dawa ya mambo haya mawili si kuongeza FMOC bila mpaka, maana masalia yake hutoa kilele kipana kinachofunika vingine. Punguza asali: chukua miligramu 50 badala ya 500, ongeza bafa, pima pH ndani ya mchanganyiko, uirekebishe kwa hidroksidi ya potasiamu hadi 9, kisha tumia FMOC ya milimola 10 kwa lita. Ukimaliza, osha masalia kwa dikloromethani au ethili asetati. Kipimo kitapoteza wepesi wake mara kumi, na kwa kigunduzi cha mwanga huenda usifike 0.05. Hapo useme hivyo kwa mteja kuliko kumpa namba.

Kulikuwa na njia ya kugundua kosa bila mashine mpya? Ilikuwepo, na ni ya siku moja: nyongeza ya kiwango rejea. Pima mafungu manne ya asali ileile, gramu 5 kila moja. La kwanza liache, mengine yaongeze glaifoseti ya 0.05, 0.10 na 0.20. Changanya, acha nusu saa, kisha yapitishe yote kwenye utaratibu uleule mbovu. Kwenye kisa chetu masomo ni 0.031, 0.044, 0.057 na 0.083. Umeongeza 0.20, mashine ikaona 0.052 tu zaidi. Mbinu inarejesha asilimia 26, wakati mwongozo unataka kati ya 70 na 120. Gawanya 0.031 kwa 0.26: unapata 0.119. Ripoti ya tatu, ikisomwa vizuri, inakubaliana na ya pili.

Kutoka maabara kurudi ghalani

Namba ikishakubalika, swali linahama. Imeingiaje? Watu wa Tabora hunyooshea kidole mashamba: mvua za Novemba zikianza, dawa ya magugu inapigwa kwenye mahindi na tumbaku, nyuki wanatua kwenye maua ya magugu yaliyopigwa. Inawezekana kabisa. Lakini 0.12 ilikuwa ya sampuli moja iliyochanganywa kutoka mapipa yote 20, na wastani huficha mengi. Kwa mchanganyiko wa mapipa 20, pipa moja lenye karibu 1.0 linaweza kupita kama mengine 19 ni safi.

Bahati ni kwamba katibu wa ushirika alihifadhi sampuli za akiba, gramu 100 za kila pipa, zilizochotwa kwa bomba refu la chuma cha pua kutoka juu hadi chini ya pipa. Asali iliyokuwa imeganda ilipashwa kwa maji yasiyozidi nyuzi 40 kabla ya kuchota. Kupima zote 20 kwa QuPPe ni gharama. Tunachanganya tano tano. Idadi hiyo haikuokotwa: kikomo cha kupimika ni 0.01 na kikomo cha sheria ni 0.05, kwa hiyo kundi la mapipa matano likisoma chini ya 0.01, hakuna pipa ndani yake linaloweza kuzidi 0.05. Ukichanganya kumi, uhakika huo umepotea.

Makundi matatu yalisoma chini ya 0.01. Moja lilisoma 0.48. Yakapimwa mapipa yake matano moja moja: matatu safi, pipa namba 7 lina 1.1 na namba 8 lina 1.3. (Kwa viwango hivyo isotopu ya 0.1 ni ndogo mno. Rudia kwa kupunguza asali, ukiweka isotopu kiasi kilekile.) Jumla ya 2.4 ukiigawa kwa 20 ni 0.12 ya mnunuzi.

Mapipa mawili yenye glaifoseti nyingi katikati ya 18 yasiyo nayo hayafanani na kazi ya nyuki. Nyuki wa vijiji jirani, wanaolisha kwenye miombo ileile, wangeacha dalili ndogondogo kwenye mapipa mengi. Fanya hesabu nyingine: kilo 300 mara 1.1 ni miligramu 330. Dawa ya dukani yenye gramu 360 za glaifoseti kwa lita inabeba miligramu hizo kwenye mililita 0.9. Pipa namba 8 lilihitaji mililita 1.1. Ni mabaki ya kawaida chini ya dumu lililomwagwa bila kusuuzwa.

Daftari la mapokezi lilionyesha mapipa hayo mawili yalijazwa kituo kimoja, kwa madumu mawili ya lita 20 yaliyokatwa juu yakawa ndoo. Vipande vya masega kutoka kwenye mizinga ya wafugaji wa kituo hicho vilipimwa: chini ya 0.01. Madumu yenyewe yalitiwa maji mililita 100, yakatikiswa, na maji yakapimwa moja kwa moja baada ya kuzimuliwa. Yalikuwa na glaifoseti, licha ya asali yote iliyokwisha pita humo. Usijaribu kipimo hiki kwa dumu lililooshwa kwa sabuni ya unga ukitegemea AMPA kama ushahidi: baadhi ya sabuni zina fosfoneti ambazo nazo zikivunjika hutoa AMPA.

Mapipa 18 yanaweza kuuzwa, kila moja likiambatana na namba yake na ripoti ya kundi lake. Namba 7 na 8 hazina tiba. Kuchuja hakuondoi kitu kilichoyeyuka, na kuchemsha kutaharibu asali kabla ya kuigusa glaifoseti. Kuyagawa kidogo kidogo kwenye mapipa mengine ili wastani ushuke ndilo wazo linalomjia kila mtu, na sheria ya Ulaya, kifungu cha 19 cha kanuni ya 396/2005, inalikataza waziwazi. Mapipa yenyewe yakishamwagwa yasirudi kwenye zamu ya asali, na kituo kipewe ndoo mpya za chakula zenye mifuniko, za rangi isiyofanana na dumu lolote linalouzwa kwenye duka la pembejeo.